Riwaya za Hofu na Upelelezi: Neno kwa Wasomaji wa Busia na Tororo

Walimu wenzetu wa pande zote mbili za mpaka hutuuliza mara kwa mara ni kitabu gani cha Kiswahili watakachompa mwanafunzi asiyetaka kusoma. Jibu letu ni moja, wala hatulionei haya: mpeni kitabu cha kumtia hofu. Mpeni maiti iliyokutwa mahali pasipostahili, simu iliayo usiku, mlango uliofungwa kwa ndani na mtu amekwisha kufa chumbani. Atakayekifunga kitabu cha namna hiyo katikati ni nadra, na atakayekisoma mpaka mwisho amekwisha kusoma kurasa mia na zaidi za Kiswahili bila ya kusukumwa.

Twajua kwamba riwaya hizi hazina heshima kubwa katika vyumba vya walimu. Huitwa fasihi pendwa, na neno hilo hutamkwa kwa namna ya kubeza, kana kwamba kupendwa ni kosa. Lakini huku mpakani jambo hili lina uzito ambao halina mahali pengine, na ili tulieleze vyema hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi ya upande wa Kenya wa mpaka huu, pamoja na Kisumu, ilikuwa katika jimbo la mashariki la Uganda. Mwaka huo jimbo likahamishiwa upande wa pili, na mstari ukawagawa Wasamia na Wateso, hata leo shangazi yuko Uganda na mpwawe Kenya. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitia Tororo, na hapo Tororo njia ikachipuka tawi la kwenda Mbale na Soroti. Pamoja na reli kilikuja Kiswahili cha makuli, makarani na askari. Jina la Busia nalo limeingia katika kila lugha ya Afrika ya Mashariki kwa mlango wa baiskeli: vijana waliokuwa wakiwabeba abiria kutoka kizuizi hiki hadi kile, mpaka kwa mpaka, ndio walioizaa boda boda, ambayo sasa hutumia pikipiki na hujulikana mbali sana na hapa.

Katika Kenya Kiswahili kilipata njia ya kuingia shuleni, ijapokuwa kwa kusuasua. Katika Uganda kisa ni kingine. Gavana Gowers alipotaka kukitia nguvu mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alimpinga hadharani mwaka 1929, na wamisionari wengi walikuwa pamoja na Kabaka. Mwaka 1952 kikaondolewa katika hesabu ya lugha zilizotambuliwa kwa shule. Kilichobaki ni Kiswahili cha polisi, cha magereza na cha jeshi. Kisha Idi Amin akatwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, na mwaka 1973 akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo, ambalo lingaliweza kuwa heri, lilitoka katika kinywa ambacho watu walikwisha kukiogopa.

Fikirini basi mkazi wa Tororo wa miaka ile, mji ulio karibu na kambi ya Rubongi. Kiswahili alichokisikia hakikuwa cha mashairi wala cha hadithi za bibi. Kilikuwa sauti mlangoni usiku, amri kizuizini, swali linaloulizwa na mtu mwenye bunduki ambaye jibu lake analo tayari. Sukari, chumvi na sabuni zilipoadimika, watu walivuka kwa magendo kupitia Busia na Malaba, na neno la kuwasimamisha lilikuwa la Kiswahili. Mwezi Februari 1976 Amin alidai sehemu ya Kenya ya magharibi kuwa ni ya Uganda, na watu wa upande wa pili nao wakalala macho wazi. Mwezi Machi 1979 wapinzani wake waliushambulia mji wa Tororo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili mwaka huo kwa mikono ya Watanzania na Waganda waliokuwa pamoja nao, na askari wa Tanzania nao walisema Kiswahili. Wengi walishangaa kusikia lugha ile ile ikisema tafadhali.

Ndipo lilipo shauri letu. Mahali ambapo lugha imeingia kwa hofu, haitoshi kumwambia mwanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na udugu. Amesikia kwa mzee wake habari nyingine, na mzee wake hasemi uongo. Afadhali aonyeshwe hofu yenyewe ikiwa imetiwa ndani ya kitabu, ambamo yeye ndiye mwenye amri: aweza kukifungua, aweza kukifunga, na ndani yake yuko askari au mpelelezi wa Kiswahili ambaye hapigi mtu ili aseme, bali huuliza, husikiliza, hupima na kufikiri. Picha hiyo ya askari afikiriye, kwa kijana wa Tororo ambaye babu yake alimjua askari wa namna nyingine, si mchezo mdogo.

Tuanze na vitabu. Wa kwanza kuwatisha wasomaji wa Kiswahili shuleni labda alikuwa Mwingereza Rider Haggard, ambaye riwaya yake ya mwaka 1885 ilitafsiriwa mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wazee wengi waliosoma zamani wangali wakimkumbuka yule ajuza mchawi na lile pango lenye wafu. Tafsiri ni ya Kiswahili kizuri, na twaipendekeza kwa ajili hiyo. Lakini msomaji na atazame jinsi mizigo ilivyogawanywa: uchawi na vitisho wamepewa Waafrika, akili na bunduki wamepewa wageni. Mwalimu asilipite jambo hili kimya.

Aliyeigeuza mizani hiyo ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918. Alikuwa mtu wa magazeti, na kwa miaka kumi alihariri gazeti la wakulima. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatolewa kitabuni mwaka 1960. Maiti imekutwa mahali pa mizimu. Watu wa shamba wamekwisha kukata shauri kwamba mzimu ndio uliomwua, na kwa nini wasiseme hivyo, iwapo mahali pale wameogopeshwa napo tangu utotoni? Anakuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, na pole pole, kwa maneno zaidi kuliko kwa mbio, anaitenga hofu na jambo lenyewe. Wengi husema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Kuna ukweli humo, na Abdulla hakujificha. Ila Holmes aliishi katika mji uliokwisha kuacha kuamini mizimu, au uliodai hivyo. Bwana Msa afanya kazi kati ya watu wanaoiamini, tena hawadharau. Huwacheka kidogo, hujicheka na yeye mwenyewe, kisha huwaonyesha alama za nyayo. Hapa akili haikuja melini. Imeketi barazani, yanywa kahawa.

Kwa wasomaji wa Busia twapendekeza zaidi riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi ya mwaka 1968. Giningi, katika masimulizi ya Zanzibar, ndiko wanakokutanika wachawi usiku. Nani katika Samia au Bukhayo asiyejua habari za wale wakimbiao usiku, watupao mchanga juu ya mabati na kugonga kuta za nyumba, ambao mchana ni jirani mwema mwenye salamu ndefu? Mwanafunzi wa huku akilisikia jina la Giningi na maana yake, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwalimu na aanze kipindi kwa kuwaacha wasimulie ya kwao kwa Kiswahili, kadiri kila mmoja anavyokiweza, ndipo akifungue kitabu. Riwaya nyingine za Bwana Msa, kama vile Duniani Kuna Watu ya 1973 na Siri ya Sifuri ya 1974, ni nzuri pia, ijapokuwa kwa kadiri miaka ilivyopita mafumbo yalizidi kutatanishwa hata msomaji huhitaji karatasi ya kuandikia nani ni mtoto wa nani.

Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, nayo ilitolewa na jumba lile lile. Tumetoka shamba la Unguja, tumeingia mji wa Dar es Salaam, na mpelelezi si bwana mwenye kiko bali ni Inspekta Wingo, mtu wa polisi hasa. Kitabu ni chembamba. Sentensi zake ni fupi, mambo hufuatana upesi, na msomaji wa kidato cha pili aweza kukimaliza kwa siku chache. Kama tungelazimishwa kutaja kitabu kimoja tu cha kumpa kijana wa Uganda aliyeanza Kiswahili majuzi, tungekitaja hiki. Si kwa sababu ndicho bora kuliko vyote, maana watu wake hawana kina cha watu wa Abdulla, bali kwa sababu ni vigumu kukiacha.

Yafaa tukumbuke jumba hilo lililovitoa vitabu hivi. East African Literature Bureau lilianzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Mtu wa Unguja alishinda shindano, kitabu kikatoka Nairobi, kikasafiri kwa reli moja na posta moja hadi Tororo bila ya kuulizwa pasi. Mwandishi Mtanzania Elvis Musiba alipoandika Kufa na Kupona, jumba hili ndilo lililoitoa mwaka 1974, na kisa chenyewe chavuka mipaka: hati za siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zimeibwa Dar es Salaam, na Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Dar es Salaam kweli ndiko kulikokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika. Kwa hiyo msomaji aliona katika riwaya ya risasi na magari ya kasi siasa ya siku zile zile.

Mwaka 1977 yote yalivunjika. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilikufa, reli na posta zikagawanywa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Jumba la vitabu nalo likafa. Upande wa Kenya likarithiwa na Kenya Literature Bureau. Tunaposema kwamba Kiswahili kilipata hasara, aghalabu twafikiri mikutano na kamusi. Hasara nyingine ilikuwa ndogo na ya kila siku. Kijana wa Busia aliyemaliza Kufa na Kupona na kutaka kujua Willy Gamba kaenda wapi tena, hakuipata kwa urahisi Kikosi cha Kisasi ya 1979, iliyompeleka Gamba hadi Kinshasa, wala Njama ya 1981. Shujaa aliyekuwa akivuka mipaka yote kwa ndege na bastola alisimamishwa na kizuizi cha barabarani kama sisi.

Kuhusu Musiba twasema wazi tunavyoona. Anajua kumshika msomaji kola. Sura haziishi bila ya mtego mpya. Lakini Gamba hana shaka hata siku moja, na mtu asiye na shaka huchosha. Wanawake katika kurasa zake aghalabu ni wazuri mno na wa hatari mno, na hawana kazi ya tatu. Vitabu vyake ni vya wanafunzi wakubwa, tena mwalimu awe amekwisha kuvisoma kwanza. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alikuja baada yake na mpelelezi wake Joram Kiango, akifuatana na Nuru, ambaye walau ana akili zake mwenyewe. Tutarudi na Roho Zetu? na Salamu Kutoka Kuzimu zasomeka kwa pumzi moja, na Dar es Salaam Usiku ina huzuni ya mji ambayo Musiba hakuwa na nafasi nayo.

Vitabu hivi vyote, hata hivyo, ni vya upelelezi: mwishoni taa huwashwa, mwuaji hutajwa, tukalala. Kitisho chenyewe, kile kisichowashiwa taa, ni haba zaidi katika riwaya ya Kiswahili, na mahali tulipokipata kwa nguvu ni katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyotoka mwaka ule ule wa 1977. Kijana Gusto anarithishwa na baba yake urithi ambao haugawanywi kwa wakili, nao ni uchawi. Wasomaji wengi wamezoea mchawi atazamwe kwa mbali, kwa dirisha. Hapa twatiwa ndani ya nyumba yake, na mrithi ni mtu ambaye tungeweza kuketi naye dawati moja. Hakuna Bwana Msa wa kuja na kutuambia kwamba ilikuwa nyayo tu. Swali ambalo kitabu kinamtupia msomaji, kwamba utafanya nini na kitu kiovu ulichopewa na mtu umpendaye, halikuhusu uchawi peke yake, na wanafunzi wa mpakani, ambao baadhi ya wazee wao walivaa sare zile, huliona upesi kuliko walimu wao.

Sasa maneno machache juu ya kazi ya darasani. Riwaya ya upelelezi ni shamba la sarufi lililokwisha kulimwa. Masimulizi yake huenda kwa -ka-: akafungua, akaingia, akamwona. Mwanafunzi wa Tororo ambaye amezoea kusema kila jambo kwa -li- ataisikia kasi ya -ka- na kuitamani. Bwana Msa anapopima ushahidi, tumo katika uwanja wa -nge- na -ngali-: kama mwuaji angalipitia mlangoni, matope yangalionekana kizingitini. Hatujapata zoezi la kubuni linalofundisha jambo hilo vizuri hivyo. Msamiati nao si haba: dalili, ushahidi, shuku, mshukiwa, mtuhumiwa, kukiri, kukana. Haya ni maneno ambayo raia wa mpakani anayahitaji, kwa kuwa ndiyo atakayoulizwa nayo kituoni siku moja, na ajuaye tofauti ya mshukiwa na mkosaji hababaiki upesi.

Tena yako maneno ya hofu yenyewe. Woga ni tabia ya mtu; hofu yaweza kumjia hata shujaa; fadhaa humvuruga mtu; kiwewe humwondolea akili akakimbilia kule kule kwenye hatari; na taharuki ndiyo ile ambayo msomaji huilipia pesa. Wape wanafunzi ukurasa mmoja wa Simu ya Kifo waamue ni ipi kati ya hizo iliyomshika kila mtu. Mabishano yatakayozuka yatapita kengele ya kipindi.

Wala tusisahau kwamba hali imebadilika. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikiingiza katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza. Na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka 2018 kituo kimoja cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Busia, na malori husafishwa njia mara moja badala ya mbili. Amri za serikali ni jambo jema, lakini neno lazima ni neno ambalo Kiswahili cha Uganda kimelibeba kwa muda mrefu mno. Mtoto anayelazimishwa kusoma lugha ambayo nyumbani huitwa lugha ya askari aweza kufaulu mtihani na asiifungue tena maisha yake yote.

Shida kubwa ni vitabu kupatikana. Vingi vya hivi vimechapwa mara kadhaa na vingine vimepotea madukani kwa miaka. Mwenye nakala ya zamani na aitunze, aivike jalada la karatasi ngumu, aandike ndani majina ya walioazima. Shule za pande mbili zinaweza kubadilishana: Busia yaweza kuwa na Abdulla, Tororo yaweza kuwa na Mtobwa aliyeachwa na mwalimu aliyehama, na boda boda huivuka njia hiyo mara nyingi kwa siku.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Aanze na Simu ya Kifo, asome peke yake. Afuatie Mzimu wa Watu wa Kale, usomwe kwa sauti darasani, mwalimu akisimama kila mara kabla ya Bwana Msa kufungua kinywa, wanafunzi waandike wanayemshuku na sababu zao, karatasi zifungiwe sandukuni hadi mwisho. Kisima cha Giningi kisomwe wakati wa mvua, ikiwezekana. Musiba na Mtobwa wawe wa likizo. Mirathi ya Hatari iwe ya mwisho, kwa wakubwa, na mwalimu asitoe maswali ya ufahamu siku ile wanapokimaliza. Awaache waende nyumbani nacho, wakavuke mto Sio au reli ya Malaba wakiwaza, na maswali yatakuja yenyewe siku ya pili, aghalabu kutoka kwa yule aliyekuwa hasemi.